Jembe la Posa Kwenye Theluji ya Tembisa

Ndugu zangu wa jumuiya, na ninyi mnaokaa pale kwa fundi viatu mkingoja nipite mniulize, nimechoka kusimulia. Kila mtu nimempa kipande chake. Mmoja kapata theluji, mwingine kapata jembe, na mke wangu kapata sehemu zile ambazo mimi ni shujaa. Sasa nayaandika yote mara moja, msomeane. Atakayenisimamisha tena njiani aje na soda mkononi.

Mnajua nilikokuwa nakwenda, lakini wengine mlisikia nusu. Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka minane Afrika Kusini anachomelea mageti. Amempata binti anaitwa Lerato, aliyelelewa na bibi yake katika mji wa Tembisa, pembeni mwa Johannesburg. Kwao, kama kwetu, kijana hajiposei mwenyewe. Lazima watu wake waje kumsemea, naye akae mbali siku hiyo. Walitupangia siku ya kwanza, tukafiwa na mama mkubwa. Wakatupangia ya pili, nikalazwa kwa malaria. Mjomba wa binti, ambaye ndiye msemaji wao, akamwambia Deo neno ambalo kijana alinirudia kwenye simu kwa sauti ndogo: "Mara ya tatu wasipokuja, nitajua huna watu." Mara hiyo ya tatu ilikuwa iwe Jumamosi, saa sita mchana.

Hana watu! Mtoto wa kaka yangu, aliyebatizwa na parokia nzima ikila nyumbani kwetu! Mimi nimesimamia posa kumi na moja hapa Ufipa na sijarudishwa hata moja. Neno lile lilinichoma kuliko sindano zote za malaria. Nikasema nakwenda mwenyewe, tena kwa basi, kwa sababu ndege haikuwa ya kimo chetu mwaka huu.

Sumbawanga hadi Tunduma

Niliondoka Jumatano alfajiri, mwezi wa saba. Baridi ya mwezi wa saba sina haja ya kuwaeleza, maana mlikuwa mmejifunika mablanketi mkiniombea. Nilivaa sweta na koti alilovaa kaka enzi za uhai wake. Kwenye begi nilikuwa na suti, unga wa ulezi, na jembe.

Jembe nilimwagiza mhunzi mmoja wa upande wa Nkasi, nikalitia mpini mfupi ili liingie kwenye begi, mke wangu akalifunga kwa kitenge kipya. Wenye ukoo wetu wanajua desturi. Posa inabeba jembe jipya, na jembe hilo halitakiwi kugusa udongo mpaka mama au bibi wa binti alipokee kwa mikono miwili. Jembe lililokwisha kulima tayari lina mwenyewe. Ukimpelekea mkwe jembe la namna hiyo umempelekea masalio, na marehemu baba aliwahi kumrudisha mtu aliyetoka Laela mpaka kwao kwa sababu ya tope dogo tu kwenye ncha.

Kondakta wa basi alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Alikuwa mtoto wa Dar. Nikamcheka mpaka Laela.

"Mzee, wewe husikii baridi?"

"Baridi ni ya kwetu hii, kijana. Hakuna baridi duniani itakayonionyesha kitu kipya."

Mdomo huponza kichwa, lakini wakati ule kichwa bado kilikuwa salama.

Tunduma hadi Lusaka

Mambo ya mpakani nayaruka, isipokuwa hili. Afisa mmoja upande wa Zambia alifungua kitenge, akakuta jembe, akanitazama kuanzia viatuni.

"Unakuja kulima kwetu?"

"Hapana, naenda kuoza."

"Unaoza na jembe?"

Akawaita wenzake wawili. Nikawaeleza desturi, kwa Kiswahili na vidole. Mmoja akasema bibi yake naye aliolewa kwa jembe, basi wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama lilikuwa moja au mawili, wakanisahau. Nikalifunga jembe langu nikapanda basi.

Kiti cha pembeni alikaa Mama Mutale, mfanyabiashara wa nguo anayekwenda Johannesburg kila miezi miwili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha basi zima. Kiswahili alikiokota sokoni Tunduma. Kikimwishia anatumia Kibemba, na Kibemba na Kifipa ni watoto wa nyumba moja, kwa hiyo nusu naelewa na nusu nakubali tu kwa kichwa.

Karibu na Mpika mkanda wa injini ulikatika, tukakaa pale saa saba. Nilimsumbua dereva kila baada ya dakika kumi mpaka akahamia upande wa pili wa basi. Mama Mutale alifungua bakuli lake, tukala ugali, wao wanauita nshima, na mboga kavu ya kukaanga yenye chumvi nzuri ajabu. Nilisifu, nikaongezewa. Nilipomaliza kusifu akaniambia ni viwavi.

"Batata, umetapika?" Batata kwao ni baba.

"Bado nakula," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Lusaka hadi mto Limpopo

Saa zile saba za Mpika zilitufanya tukose basi la asubuhi pale Lusaka. Tukapata la usiku. Hesabu yangu ilikuwa nifike Ijumaa mchana, nioge, nipige pasi suti, nilale. Sasa ikawa nifike Jumamosi asubuhi, nishuke na vumbi langu, nikaposee hivyohivyo.

Kushuka kwenye bonde la Zambezi ni joto la kuvua sweta, na katika mwezi wa saba nilivua hata soksi. Zimbabwe nzima nilikula sadza na maziwa ya mgando, nikashukuru kwamba Mungu aliupa ugali majina mengi ila ladha moja. Dereva wetu mpya alikuwa Mzimbabwe, Tendai, mtu mpole asiyepiga honi bila sababu. Pale mpakani mwa Limpopo foleni ya malori ilitulaza njiani. Deo alipiga simu mara nne. Hakuuliza swali lingine ila hili: "Mko wapi sasa, Baba Mdogo?"

Pretoria hadi mahali tulipokwama

Jumamosi asubuhi Mama Mutale alinipiga kiwiko. Tulikuwa tumeshapita Pretoria, na nje kulikuwa kweupe. Paa za nyumba zilikuwa nyeupe, nyasi nyeupe, na vitu vyepesi vilikuwa vikishuka kutoka juu bila kelele yoyote. Kelele ndiyo niliyoikosa. Kwetu kikishuka cheupe kutoka mbinguni, mabati yanapiga mpaka hamsikilizani.

Watu ndani ya basi walishangilia. Wengine walipiga picha. Tendai hakushangilia. Alisema kwa miaka yote aliyoendesha njia ile hajawahi kuiona theluji, na kwamba magari ya mji ule hayana matairi yake wala mji hauna mashine za kuiondoa. Alitaka kutoka barabara kuu palepale, apite njia za ndani kabla watu hawajaanza kugongana. Akatuuliza abiria tunaonaje.

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu, na nalitaja wazi kwa kuwa mke wangu hajalisikia. Nilisimama. Nikawaambia mimi natoka nchi ya mvua ya mawe. Kwetu ikishuka inafunika mashamba yote, inachanachana mahindi, watoto wanaiokota wanaitafuna, na jua likichungulia tu, ndani ya saa moja hakuna kilichobaki isipokuwa hasara. "Tubaki barabara kubwa," nikasema. "Tusipotee vichochoroni. Saa moja tu, itayeyuka." Mama Mutale alitafsiri. Nina sauti ya mshenga, ndugu zangu, na sauti ya mshenga ikitumika vibaya ni hatari. Basi zima likanikubali, na Tendai kwa heshima akanikubali.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Ilipofika saa tatu na nusu, theluji ilikuwa imeongezeka, na mbele yetu gari dogo lilikuwa limegeuka linatutazama sisi. Saa nne, lori lilijilaza katikati ya barabara. Jua lilichungulia kweli, likakitazama kile kitu, likarudi ndani. Watu walitoka kwenye magari yao na viatu vya ofisini, wanateleza, wanashikana, wanacheka, kisha hawacheki tena. Mji mkubwa kiasi kile, wenye barabara pana kama uwanja wa ndege, ulisimama kimya kwa sababu ya kitu kisichofika hata vifundoni.

"Batata," Mama Mutale akaniambia, "iyi kintu haiyeyuki."

Deo alipiga simu. Alikuwa amekwama mjini kwa marafiki zake, ambapo angengoja majibu.

"Baba Mdogo, Wabongo wenzangu hapa wanasema mtu akitoka Sumbawanga, kwa warusha radi, lazima alete hali ya hewa."

"Waambie radi nimeiacha nyumbani."

Alicheka kidogo. Halafu akasema, "Ukishindwa, ushindwe tu. Nitaelewa." Kijana ananihurumia mimi! Nilikata simu, na nilijua kwamba zile saa mbili nilikuwa nimezipoteza mimi mwenyewe, si theluji.

Mlima mdogo wa kutokea

Saa tano walilisukuma lile lori pembeni, na njia ya kutokea kuelekea Tembisa ikawa wazi. Ilikuwa ni kilima kidogo tu ambacho baiskeli yangu ingekipanda. Tendai akajaribu, tairi zikazunguka palepale. Akakanyaga mafuta zaidi, basi likaanza kurudi nyuma pole pole, na nyuma yetu kulikuwa na magari yasiyo na idadi. Abiria wakapiga kelele.

Sasa hili nalijua. Ninyi nyote mliowahi kushuka Kasanga wakati wa masika mnalijua. Gari likiteleza huongezi mafuta. Unakwangua utelezi mpaka upate pagumu, unatandaza udongo mkavu na nyasi mbele ya tairi, unaingiza gia ya pili, unaondoka taratibu. Nikamweleza Tendai. Akakubali, akauliza kwenye magari ya jirani kama kuna mwenye koleo. Magari mia na hakuna koleo hata moja. Watu walitafuta wakaja na vipande vya boksi na sahani ya plastiki.

Mama Mutale akalitazama begi langu. Mimi nikatazama pembeni.

Kukwangua theluji peke yake nisingejali, theluji si udongo. Lakini kukwangua bila kutandaza udongo hakufai kitu, na udongo ulikuwa pale ukingoni, mwekundu, chini ya nyasi. Ningeuchimba kwa jembe la Lerato. Nilimfikiria marehemu baba na yule mtu wa Laela. Nilifikiri: nikifika na jembe lililolima, nimewadharau. Nisipofika, Deo hana watu. Saa ilikuwa sita kasorobo.

Nikafungua kitenge, nikakikunja vizuri nikakitia mfukoni, nikapiga ishara ya msalaba, nikalima. Nililima ukingo wa barabara kuu ya watu kwa koti la kaka yangu, na machozi yalinitoka, na si ya baridi. Mama Mutale aliubeba udongo kwenye kanga yake. Vijana wakaona, wakatupokea wakaendelea. Tendai akaingiza gia ya pili. Basi likapanda kilima, watu wakapiga vigelegele, na mtu mmoja nisiyemjua akanibusu shavuni.

Juu ya kilima barabara ilikuwa imezibwa na magari yaliyoachwa, hayana watu ndani. Tendai akazima injini, akanishukuru, akaniomba radhi kwamba hawezi zaidi. Mtu mwingine angenikumbusha maneno yangu ya asubuhi. Yeye hakunikumbusha, na nitamkumbuka kwa hilo.

Kwa miguu hadi Tembisa

Tulibaki na kilomita kama nane. Kwa Mfipa hizo ni za kwenda misa na kurudi. Mama Mutale alikuwa na dada yake karibu na soko la Tembisa, kwa hiyo tuliongozana. Tulivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, ndani ya viatu, kama alivyotufundisha mama mmoja muuza maandazi makubwa ya kule, magwinya. Hakuwa amepata mteja tangu asubuhi, akatupa manne bure akisema bora yaliwe na wanaotembea.

Baridi ile ni nyingine, nakiri. Ya kwetu inakupiga usoni na kuondoka, ile inapanda kutokea kwenye nyayo na kukaa magotini. Nilianguka mara tatu. Mama Mutale alianguka mara moja, lakini alinishika na mimi, kwa hiyo yangu ni nne. Sokoni tuliagana. Alinifuta tope kwenye koti, akanielekeza mtaa, akaniambia kwa Kibemba maneno ambayo nusu niliyaelewa, na nusu hiyo ilinitosha.

Kwenye geti la Koko

Ilikuwa saa tisa kamili nilipofika kwenye geti la bluu. Saa tatu nzima nimechelewa. Uani hapakuwa na gari hata moja. Nikajua wajomba wameshaondoka na neno lao.

Sikujua kwao mtu anabisha vipi. Nikafanya kama kwetu. Nikachuchumaa pale pale kwenye theluji, nikaweka begi na jembe pembeni, nikapiga makofi ya taratibu. Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mdogo wa mwili, amejifunga blanketi, akanitazama muda mrefu. Nyuma yake akaja binti mbio, akapiga goti.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Kwa lafudhi ya mtaani kwetu Izia, ndugu zangu! Lafudhi ya Deo kabisa, kana kwamba kalelewa na sisi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na sauti ya mshenga ilikuwa imekwisha yote.

Bibi, wao wanamwita Koko, aliniingiza ndani karibu na jiko la makaa, akanipa chai. Nilikataa kunywa kabla ya kusema. Lerato akatafsiri. Nilisema nimechelewa, na kosa ni langu, nilidhani theluji itayeyuka. Kisha nikaliweka jembe mbele yake, na udongo mwekundu bado umegandia ncha. Nikamweleza desturi yetu bila kuficha kitu. Nikasema, "Jembe hili limelima njiani kabla ya kufika kwako. Ukilikataa, una haki. Ila usimkatae kijana, yeye hakulima."

Koko alilichukua kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye ncha, akauliza jambo.

"Anauliza, lilikuwa linakata vizuri?" Lerato akasema.

"Vizuri sana."

"Anasema jembe ambalo halijawahi kuingia ardhini, yeye angejuaje kama linakata?"

Akaliweka mlangoni, mahali ambapo mtu huweka jembe lake mwenyewe. Ndipo nikanywa chai.

Nikauliza wajomba waliondoka saa ngapi. Lerato akacheka huku akijifuta macho. Hawakuwahi kufika. Mjomba msemaji alikuwa ndani ya gari lake kwenye barabara ileile, tangu saa tatu asubuhi. Simu ikalia papo hapo, ni yeye. Alikuwa anauliza kama watu wa yule kijana wamekuja, na kama hawakuja mama yake ajue shauri limekwisha. Koko aliishika simu mbali kidogo na sikio, akaongea bila kupandisha sauti, na Lerato akaninong'oneza kila neno.

"Wametoka Sumbawanga na wamefika. Wewe uliyetoka Pretoria uko wapi?"

Mjomba alifika Jumapili, kwa miguu, suruali imelowa mpaka magotini, na alinipa mkono kabla hajakaa. Tuliyozungumza ni ya wakubwa wa pande mbili, siyaandiki. Yaliisha kabla ya chakula.

Lakini Jumamosi ileile, kabla hata sijavua ile mifuko miguuni, nilitoka uani nikampigia Deo. Aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Wamesemaje, Baba Mdogo?"

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Nilikuwa nimeyapanga toka Tunduma.

"Wamesema una watu," nikamwambia.

Nikamsikia analia, mwanamume mzima wa miaka thelathini na miwili, na marafiki zake wakimuuliza kuna nini. Nikakaa na simu sikioni, nimesimama kwenye theluji ya wenyewe, mpaka alipomaliza.